Rangi ya maandishi kwenye Google Docs: chagua ukimfikiria atakayesoma

Nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta nne, printa mbili: moja ya rangi, moja ya nyeusi tu. Jumatano na Alhamisi kazi yetu kubwa ni ratiba za mazishi, kwa kuwa wengi huku huzika Ijumaa na Jumamosi. Zamani familia ilikuja na wasifu wa marehemu umeandikwa kwa mkono. Siku hizi binti yuko Nairobi, kaka yuko Eldoret, mjomba yuko nyumbani Seme, na wote wanaandika pamoja kwenye Google Docs. Kisha mmoja wao anakuja kwangu, anaketi, na swali la kwanza ni: "Dada, rangi ya maandishi inabadilishwa wapi?"

Inabadilishwa hivi. Buruta kipanya juu ya maneno unayotaka mpaka yafunikwe na kivuli cha samawati. Angalia ule mstari wa vitufe juu ya ukurasa, utafute B, I na U. Baada ya U kuna herufi A yenye kamstari chini yake. Bonyeza hiyo A, vidoti vya rangi vifunguke, uguse unayoitaka. Basi. Ukibonyeza A kabla ya kuchagua maneno, yaliyokwisha kuandikwa hayatabadilika. Rangi itashika yale utakayoandika kuanzia hapo kielekezi kilipo.

Jirani ya A kuna kalamu. Hiyo hupaka nyuma ya maneno, wala haigusi herufi zenyewe. Wateja wengi huigusa kwa bahati mbaya, kichwa chote kikawa na bango la manjano. Ukitaka kuliondoa, chagua maneno, rudi kwenye kalamu ileile, uguse chaguo la kutokuwa na rangi. Au bonyeza Ctrl na Z papo hapo.

Kwa simu: fungua waraka, gusa penseli, shikilia neno mpaka lichaguliwe, uvute vile vishikio viwili hadi mwisho wa sentensi. Juu kuna A yenye vimistari pembeni. Iguse, kisha uteremke hadi kwenye rangi ya maandishi.

Hatua zenyewe ni hizo. Kuchagua rangi ndiko kunakohitaji utulivu, na sababu yangu ya kusema hivyo ni hii.

Mama mmoja jirani yetu alifariki, na shangazi wa familia akaomba majina yaandikwe kwa rangi ya dhahabu. Niliyaweka. Kwenye skrini yalipendeza mno, sote tukaridhika. Jalada likatoka kwenye printa ya rangi, na kurasa za ndani, kama kawaida, zikaenda kwenye printa nyeusi ili gharama ipungue. Ilikuwa saa nne usiku, nakala ni 200, nikafunga bila kufungua hata moja.

Kesho yake nilikuwa mazishini. Babu aliyepewa kusoma majina ya wajukuu aliinua karatasi juani, akaishusha, akaisogeza mbali na macho, kisha akaanza kuyataja kwa kumbukumbu. Alimruka mmoja. Mtoto huyo alikuwa amesimama mstari wa mbele na sare yake ya shule, akimtazama babu mpaka orodha ikaisha.

Printa nyeusi haijui dhahabu. Kila rangi huigeuza kuwa kijivu kulingana na mwangaza wake, na dhahabu na manjano ni rangi nyangavu, karibu na weupe wa karatasi yenyewe. Printa ikaweka vidoti vichache vya wino, na jina likabaki kivuli. Wanaotengeneza tovuti wana kipimo cha jambo hili: maandishi ya kawaida yanatakiwa yatofautiane na nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Dhahabu ya kawaida juu ya karatasi nyeupe hupata 1.4 hivi. Damu ya mzee hupata karibu 11.

Ndiyo maana sasa namshauri kila mtu: ukifungua vile vidoti, teremka hadi mistari miwili ya chini kabisa. Huko ndiko rangi zilizokolea ziko. Mstari wa pili kutoka juu una zile zinazowaka, na hizo zinafaa jalada tu. Kama familia ina rangi yake maalumu, labda ya vitambaa vya kanisa au sare ya chama, chini ya vidoti kuna alama ya kujumlisha. Iguse, uandike msimbo wa tarakimu sita: mbili za kwanza ni kiasi cha nyekundu, mbili za kati ni kijani, mbili za mwisho ni samawati, kutoka 00, yaani hakuna kabisa, hadi FF, yaani kiasi cha juu kabisa (baada ya 9 huhesabiwa kwa herufi A hadi F). Damu ya mzee ni 800000. Samawati ya usiku ni 000080. Kijani cha majani mazito ni 006400. Hizi tatu nimezichapa mara nyingi kwenye printa nyeusi, zinasomeka vizuri.

Ukishapata rangi ya kichwa kimoja, usirudie kazi kwa vichwa vingine kumi. Weka kielekezi kwenye kichwa hicho, bonyeza mara mbili ile brashi ya rola iliyo upande wa kushoto wa vitufe, kisha buruta juu ya kila kichwa. Kila kimoja kitafuata. Ukimaliza, bonyeza rola tena iache.

Wakati mwingine mtu hunijia akilia kwamba aya nzima imepotea. Mara nyingi imo. Aliinakili kutoka ukurasa wa intaneti wenye nyuma nyeusi, ikaja na weupe wake, nyeupe juu ya nyeupe. Buruta pale penye pengo, ipe rangi nyeusi, itaonekana. Siku nyingine bandika kwa Ctrl, Shift na V, maneno yaje bila rangi za watu.

Na ndugu wanaoandika pamoja, kila mmoja na rangi yake ili ijulikane nani ameongeza nini: ni utaratibu mzuri, ila msitumie nyekundu na kijani tu. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi hizo mbili. Ongezeni herufi ya jina mwanzoni mwa aya. Mkikubaliana, bonyezeni Ctrl na A, muupe waraka wote rangi nyeusi, ndipo mpake vichwa. Mkianza na vichwa, rangi zake zitafutika pamoja na zile nyingine.

Halafu nachapa nakala moja kwenye printa ileile itakayochapa zote. Naipeleka mlangoni penye mwanga, nanyoosha mkono wote, na kusoma jina la mjukuu wa mwisho. Likisomeka kwa umbali huo, naweka karatasi 200.