Kupunguza gharama za chakula cha wiki kwa nyumba ya watu wawili: hatua ninazofuata hapa Dar

Niliuza genge Sinza kwa miaka minne. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshafika Ilala au Mabibo kujumua, na jua likitoka nyanya zangu zimepangwa mafungu mezani. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Sisi tuko wawili tu, lakini hela ya chakula Jumatano imekata," namwelewa kabisa. Nilipoolewa na kuacha genge, hata mimi yalinikuta. Bei za sokoni nazijua, mizani naijua, na bado kuna wiki mimi na mume wangu tulikula shilingi 78,400. Sasa tunazunguka kwenye 51,000, na tunakula vizuri kuliko zamani.

Nyumba ya watu wawili ina shida yake. Familia ya watu wanane ikinunua tenga, linaisha. Wawili wakinunua tenga, nusu inaozea ndani; wakiishi kwa fungu na kupimiwa, kila siku wanalipa bei ya juu. Kazi yote ni kujua kipi ununue cha mwezi, kipi cha siku, na kipi ugawane na jirani. Bei nitakazotaja ni nilizolipa mwenyewe. Kwako zinaweza kupanda au kushuka, hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: Andika kila shilingi kwa siku 14

Tafuta daftari dogo, lifunge kalamu kwa uzi, lining'inize karibu na jiko. Muandike wote wawili. Mume wangu alikuwa akitoka kazini anapitia dukani, mkate, maziwa, soda, na mimi hesabu hiyo sikuwa nayo kabisa.

Andikeni pia mnachotupa. Hiki ndicho kilichoniuma mimi. Sehemu ya ukurasa wetu wa wiki ya kwanza ilisomeka hivi:

Jumanne: mafuta 500, vitunguu 500, unga nusu 900, dagaa 1,000.
Alhamisi: chipsi mayai mbili, 7,000.
Ijumaa: mafuta 500, sukari robo 800. Nimetupa mchicha, nusu kabichi na wali wa juzi.

Wiki ikiisha, chukua kalamu nyekundu uzungushie kila kilichonunuliwa zaidi ya mara tatu, pamoja na kila kilichotupwa. Kwetu mafuta yalinunuliwa mara tisa. Chipsi zilikuwa mara mbili tu, lakini ni 14,000, na mara zote mbili sababu ilikuwa moja: tumerudi usiku, maharage ni makavu, hakuna wa kuyasubiri yaive.

Usiruke hatua hii hata kama unaona unajijua. Mimi nilidhani nyama ndiyo inatumaliza.

Hatua ya 2: Pima unachopimiwa

Kwenye duka la Mangi, muuza duka wa mtaani, mafuta ya kula yanauzwa kwa kupima. Nilichukua chupa tupu ya dawa ya maji, ile yenye mistari ya mililita, nikamimina mafuta ya 500 niliyotoka kununua. Yalifika mililita 70. Ukipiga hesabu, lita moja inakaribia 7,100. Wiki hiyo hiyo dumu la lita tano lilikuwa 27,000, yaani 5,400 kwa lita. Mangi hajakuibia: anakodi fremu, anabaki na dumu linalovuja, anakuuzia kidogo kwa sababu umemwomba kidogo. Ila wewe ndiye unayelipia huo udogo.

Fanya hivyo kwa sukari, unga na mchele. Sabuni ya unga nayo, ingawa hailiwi, iko kwenye bajeti hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Vikavu nunua vya mwezi

Mchele, maharage, mahindi au unga, sukari, chumvi, mafuta. Hivi haviozi upesi, basi hakuna sababu ya kuvilipia bei ya robo robo. Nafaka mimi nafuata soko la Tandale. Mchele nanunua kiroba cha kilo 25, kinatupeleka kama miezi mitatu. Ukiweza kujibana, weka akiba ya hela ya kiroba hicho, ukinunue miezi ya baada ya mavuno. Mpunga wa Mbeya na Morogoro huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, na mchele unapojaa sokoni bei hulegea. Ukisubiri hadi Januari mara nyingi utaukuta umepanda.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Dona haikai muda mrefu kama sembe, kwa sababu kiini cha hindi kimesagwa humo na kina mafuta. Ukiiacha muda mrefu inachacha na ugali unakuwa mchungu. Sisi tunaweka mahindi yenyewe, tunapeleka mashineni ya wiki mbili mbili. Mahindi yawe makavu kabisa na yafungwe vizuri, dumuzi, yule mdudu wa nafaka, akiingia hakuachii kitu. Yenye ukungu usiyaonee huruma hata kidogo, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

La pili, kikiwa kingi kinaliwa kingi. Dumu la mafuta liweke uvunguni, kisha kila Jumapili mimina nusu lita kwenye chupa ya jikoni. Hiyo ndiyo ya wiki. Bila chupa hiyo, dumu la kuvuka mwezi kwetu liliwahi kuisha siku ya kumi na nane.

Hatua ya 4: Nyanya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyanya iko kwenye kila sufuria na ndiyo inayooza kuliko vyote.

Gengeni fungu la 1,000 lina nyanya tano, kila moja 200. Sokoni sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia, inaingia nyanya kama arobaini za saizi ya kati. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Karibu mteja wangu."
"Asante dada, pole na kazi. Sado shilingi ngapi?"
"Elfu tano."
"Nachagua mwenyewe?"
"Ukichagua elfu sita."

Lipa elfu sita. Wengi wanakimbilia ya elfu tano, nami nilikaa upande ule wa meza, najua kinachoingia humo: laini zinakwenda katikati, nzuri zinapambwa juu. Arobaini kwa 6,000 ni 150 kila moja. Ya 5,000 zikikuozea kumi, thelathini zilizobaki zimekugharimu zaidi ya 166 kila moja. Na kabla hujalipa, geuza sado utazame kitako. Kikiwa kimebonyezwa ndani, unapimiwa hewa. Sema kwa upole, "Dada, nibadilishie chombo," atabadilisha. Halafu omba nyongeza. Kupunguziwa bei ni kazi, lakini nyongeza ya nyanya mbili au kitunguu kimoja muuzaji anatoa kwa moyo.

Unapochagua, usichukue zote nyekundu. Gawa sado yako mara tatu: theluthi nyekundu za leo na kesho, theluthi zilizoanza kuwa na rangi ya chungwa, theluthi ngumu zenye kijani kidogo begani. Ukifika nyumbani usizioshe. Zitandaze kwenye sinia au ungo mahali penye hewa, pale palipokuwa kikonyo pakitazama chini, kwa sababu maji ya nyanya hutokea hapo. Zisilaliane. Kila asubuhi ukipita zitazame; iliyolegea ndiyo ya mchana huo. Kwa mpangilio huu nyanya za Jumamosi zinatufikisha Ijumaa.

Wawili hamli arobaini kwa wiki. Sisi tunatumia kama ishirini na moja. Zinazobaki ama zinakwenda kwa jirani, ama nazikaanga na vitunguu mpaka maji yakauke, naweka kwenye makopo madogo kwenye friza. Mvua za masika zikipamba moto na nyanya zikapanda, makopo hayo ni mali.

Hatua ya 5: Tafuta jirani wa kugawana naye

Bei ya sokoni imetengenezwa kwa ajili ya watu wengi. Kama hamko wengi, jitengenezeni. Mimi na jirani yangu wa nyumba ya pili tunakwenda kwa zamu: Jumamosi hii yeye, ijayo mimi. Anayekwenda anabeba orodha na hela za wote wawili, nauli na kijana wa kubeba mzigo tunachangia. Bila kuchangia usijidanganye. Mimi safari ya peke yangu ilikuwa inanila 4,000, na niliyookoa kwenye vitunguu haikufika hapo.

Samaki ndio wanaodai umoja zaidi. Pale Feri, boti zikishusha asubuhi, samaki wanauzwa kwa mnada, fungu kubwa kwa mara moja. Peke yako huliwezi. Tukiwa watatu tunachukua fungu la vibua, tunawalipa vijana wanaoparua, tunagawana pale pale kabla ya kupanda gari. Mkubaliane mapema nani anapokea hela na mgawanyo ukoje, kwa kuhesabu samaki au kwa mizani. Urafiki mzuri umewahi kuharibika kwa vichwa vya samaki.

Hatua ya 6: Jumapili chemsha maharage

Hatua hii ndiyo iliyoua zile 14,000 za chipsi. Jumamosi usiku loweka kilo moja ya maharage. Jumapili mwaga maji yale, chemsha mpaka yaive kabisa bila kuyaunga. Kilo moja kavu ikiiva inakaribia kilo mbili na nusu. Yakipoa gawa kwenye makopo matano yenye mfuniko, mawili friji, matatu friza. Siku mnayorudi mmechoka, ni kitunguu, nyanya, tui ukipenda, dakika kumi na tano mko mezani. Na gesi imewaka mara moja badala ya mara tano.

Kama hamna friji, chemsha ya siku mbili tu na uyapashe yachemke sawasawa asubuhi na jioni.

Nyama nayo, nunua kilo, kata vipande na ugawe robo nne kabla ya kugandisha. Nazi ikizidi, kamua yote, tui lililobaki ligandishe kwenye vibakuli vya barafu. Wali uliobaki usilale jikoni. Ukipoa tu uingie friji, asubuhi ni kiporo na chai.

Hatua ya 7: Majani nunua gengeni, ya leo

Mchicha, matembele, bamia, ndimu, pilipili: usivifuate mbali na usivirundike. Mchicha wa siku tatu ni wa kutupa, na tulikuwa tukiutupa kila wiki. Chukua fungu moja la usiku huu kwa dada wa genge lako, lipa bei yake, mzoeane. Ukiwa mteja wake wa kila siku atakuwekea maembe mazuri Desemba, na ukipita saa moja jioni anafunga meza, atakuongezea bila kuombwa.

Hatua ya 8: Hela igawe kabla haijatoka

Jumamosi asubuhi naweka noti kwenye bahasha tatu. Ya vikavu inapokea 20,000 kila wiki, haiguswi mpaka siku ya Tandale. Ya soko na kitoweo 23,000. Ya gengeni 8,000, hii ndiyo tunayotoa kila siku, na mume wangu naye anachukua humo humo akienda kufuata mkate. Bahasha ya genge ikiisha Alhamisi, tunapika kilichopo kwenye makopo mpaka Jumamosi, hatukopi kwenye bahasha nyingine.

Ijumaa usiku, kabla ya kuandika orodha, fungua kabati na friji uandike kwanza kilichopo. Wiki hii kwetu kulikuwa na makopo mawili ya maharage, nyanya nne, nusu nazi, viazi sita na kitunguu kimoja kikubwa. Orodha ya jirani yangu kunibebea sokoni ikawa na mistari mitano tu.