Kompyuta mpya imegoma kuwaka? Mshuku kwanza aliyeiunganisha

Kompyuta ya kwanza niliyoiunganisha kwa mikono yangu ilininyima usingizi siku 2. Nilibonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena, nikakishikilia, nikakigonga kwa hasira. Hata feni moja haikutikisika. Siku ya 3 nikaing'oa pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, nikaifungasha na kuirudisha dukani nikiwa nimevimba kichwa: kitu chenu kibovu. Muuzaji hakubishana. Akaichomeka mbele yangu kwenye bodi yake ya majaribio, feni zikazunguka, akaizima na kunirudishia. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona nyaya mbili nyembamba za kitufe cha kuwashia nimezichomeka kwenye pini za taa.

Tangu hapo nimeunganisha na kufufua kompyuta nyingi, zangu na za watu, na bado namshuku kwanza aliyeunganisha kabla ya kukishuku kifaa. Kwa hiyo usikimbilie kununua kitu kingine. Na usibadilishe mambo mawili kwa mpigo, maana ikiwaka hutajua nini kilichoiponya.

Kabla hujafungua chochote, angalia imegoma kwa namna gani. Watu huniambia "haiwaki" wakimaanisha mambo matatu tofauti. Kuna iliyokufa kabisa, haina hata taa. Kuna inayoshtuka, feni zinazunguka nusu sekunde kisha kimya. Na kuna inayonguruma vizuri tu ila skrini ni nyeusi. Dawa ya moja haiiponyi nyingine.

Ikiwa kimya kabisa

Anzia ukutani. Chomeka taa ya mezani au chaja kwenye soketi hiyo hiyo uone kama ina umeme. Kisha chomeka kompyuta ukutani moja kwa moja, bila ekstensheni. Kebo inayoingia nyuma ya saplai isukume mpaka iishe. Mpya huwa zinabana, na ikibaki imetoka hata kidogo tu, umeme haupiti. Pembeni yake kuna swichi. Kijistari maana yake imefunguliwa, duara maana yake imefungwa. Nimewahi kuvuka mji mzima usiku kwa ajili ya kuibonyeza swichi hiyo. Mwenye kompyuta aliona haya kuliko mimi.

Kama saplai yako ni ya zamani na ina kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230, hakikisha kinalingana na umeme wa kwenu kabla ya kuchomeka. Kikiwa kwenye 115 nawe una umeme wa volti 230, utasikia mlipuko mmoja tu, na habari itaishia hapo. Saplai za siku hizi nyingi zinajirekebisha zenyewe.

Sasa tazama bodi mama, lile bamba kubwa ambalo vifaa vingine vyote huchomekwa. Saplai ikiwa imechomekwa na swichi yake imefunguliwa, inapeleka volti 5 kwenye bodi muda wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Bodi nyingi zina taa ndogo inayoonyesha hilo. Ukiiona inawaka, ukuta na kebo havina kosa, na saplai ina uhai angalau kiasi. Usipoiona, usitoe hukumu bado, kwa sababu bodi nyingine hazina taa hiyo.

Halafu njoo kwenye zile nyaya zilizonifedhehesha. Kwenye kona ya chini ya bodi kuna pini zimesimama safu mbili: safu moja ina 5, nyingine ina 4 na pengo mwishoni. Kwenye bodi nyingi, pini mbili za kitufe cha kuwashia ni zile zilizo jirani na pengo, kwenye safu ile yenye 4. Zinazotazamana nazo ng'ambo ni za kitufe cha kuanzisha upya. Zilizobaki ni za taa, isipokuwa moja isiyotumika. Thibitisha kwenye kijitabu cha bodi yako, kwa sababu maandishi yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe ni madogo na mara nyingi yamefunikwa na waya. Nyaya za kitufe hazijali upande. Ukizigeuza zinafanya kazi vilevile. Za taa ndizo zenye chanya na hasi.

Hapa kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chomoa waya wa kitufe kwenye pini zake, kisha kwa ncha ya bisibisi gusa zile pini mbili kwa pamoja, sekunde moja, uachie. Kitufe nacho hakifanyi zaidi ya hapo. Ikiwaka, bodi yako ni nzima na saplai yako ni nzima. Ugonjwa uko kwenye kitufe cha kasha au waya wake. Huhitaji hata kununua kasha jingine. Chomeka pale waya wa kitufe cha kuanzisha upya, ukitumie kuwashia. Kompyuta ya shemeji yangu inawashwa hivyo mpaka leo.

Isipowaka, kamata plagi kubwa ya pini 24. Usiitazame tu, maana inaweza kuonekana imeingia kumbe imeingia upande mmoja. Zima swichi ya nyuma, ichomoe kabisa, irudishe ukisukuma pande zote mbili mpaka kishikizo chake kialike. Bodi itapinda kidogo na moyo utakudunda. Shikilia ukingo wa bodi kwa mkono mwingine.

Neno moja kuhusu saplai zenye kebo za kuchomoka. Usitumie kebo za saplai nyingine, hata kama zinaingia vizuri. Upande wa bodi pini zimepangwa kwa kanuni moja, lakini upande wa saplai kila mtengenezaji anapanga apendavyo, na hata modeli mbili za mtengenezaji mmoja zinaweza kutofautiana. Kebo ngeni inaweza kupeleka volti 12 mahali palipotaka 5. Nimeona diski mbili zikiungua namna hiyo kwa sekunde moja.

Ukishafika hapa bila jibu, ipime saplai peke yake. Izime, chomoa kebo zake zote kwenye vifaa, acha ile ya pini 24 ikining'inia. Tafuta waya wa kijani. Upo mmoja tu. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, ncha moja ichomeke kwenye tundu la kijani na nyingine kwenye tundu la waya wowote mweusi. Ondoa mkono, ndipo ufungue swichi. Feni ya saplai ikizunguka, ina uhai. Isipozunguka, subiri kwanza, maana baadhi ya saplai huizuia feni mpaka kuwe na mzigo au joto. Ziunganishie feni ya kasha uone, au chukua mita ya umeme upime waya wa manjano: unatakiwa usome kati ya volti 11.4 na 12.6. Kama nyaya zote ni nyeusi na huna mchoro wa kukuonyesha wa kijani ungekuwa upi, acha jaribio hili. Na usiifungue saplai yenyewe kwa sababu yoyote ile. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa, na chaji hiyo inaweza kuua.

Ikishtuka kisha ikazima

Hii watu huiogopa zaidi, mimi huifurahia. Saplai imewaka, imeona hatari, imejizima. Mara nyingi kuna kitu kimepiga shoti.

Mhalifu ninayemjua vizuri ni vile vijiguzo vya shaba vinavyoinyanyua bodi kutoka kwenye bati la kasha. Bodi ya ukubwa wa ATX, kipimo cha kawaida cha bodi kubwa, kwa kawaida ina matundu 9 ya skrubu, na makasha mengi huja na vijiguzo vimekwisha kufungwa kwa mpangilio huo. Ukifunga bodi ndogo zaidi, kijiguzo kimoja au viwili vinabaki chini yake mahali pasipo na tundu, vikigusa lehemu zilizo mgongoni mwa bodi. Hesabu matundu ya bodi, hesabu vijiguzo, cha ziada kitoe. Pili, tazama lile bati jembamba la nyuma linalozunguka matundu ya USB na sauti. Lina vijilimi vya chuma, na kimoja kikiingia ndani ya tundu badala ya kukaa juu yake, shoti hiyo. Tatu, litikise kasha taratibu usikilize kama kuna skrubu inayotembea.

Kisha plagi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ile ya pini 8 juu kabisa kwenye kona ya bodi. Husahaulika kwa sababu imejificha, na kompyuta isiyo nayo inaweza kushtuka na kuzima, au kuzungusha feni bila kuonyesha kitu. Usiichanganye na ya kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za skrini, ambayo nayo ina pini 8. Ya prosesa kwa kawaida hugawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2, na chanya na hasi zake zimekaa kinyume. Maumbo yake yamefanywa yasiingiliane, kwa hiyo ukijikuta unatumia nguvu, umeshika isiyo yake.

Usipoona kosa, toa kila kitu nje. Najua inauma, umeshafunga nyaya vizuri zikapendeza. Weka bodi juu ya boksi lake la kadibodi, usiiweke juu ya mfuko wake unaong'aa, kwa sababu mifuko hiyo inaweza kupitisha umeme kwa nje. Bakiza prosesa na hitisinki yake (chuma cha kuipoza), kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda), na saplai. Washa kwa bisibisi. Ikisimama imara, tatizo lilikuwa kwenye kasha au kwenye ulichokitoa; rudisha kimoja, washa, zima, rudisha kingine. Kitakachoizima kitajitaja chenyewe.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Kebo ya skrini umeichomeka wapi? Kama una kadi ya michoro, inatakiwa iingie kwenye kadi, chini, wala si kwenye bodi. Kama huna kadi, hakikisha prosesa yako inatoa picha: za Intel za mezani zenye herufi F mwishoni hazitoi, na Ryzen 5 5600 ya AMD haitoi wakati 5600G inatoa.

RAM ndiyo inayofuata. Itoe, irudishe mpaka vishikizo vialike. Jaribu kijiti kimoja kimoja. Kwenye bodi yenye nafasi 4, kijiti kimoja kwa kawaida hukaa nafasi ya 2 ukihesabu kutoka kwa prosesa, na viwili hukaa ya 2 na ya 4.

Lakini kama RAM yako ni ya aina mpya ya DDR5, kabla ya kugusa lolote, kaa chini. Mara ya kwanza bodi huichunguza na kuipima RAM hiyo, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Mimi hujipa dakika 15 nikitazama saa. Watu huizima dakika ya 2, ikaanza upya, wakaizima tena, jioni nzima ikaisha hivyo wakiamini imekufa.

Bodi nyingi mpya zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (kuanza mfumo). Inayobaki imewaka ndiyo inayokuelekeza. Ikibaki ya BOOT, furahi: mashine ni nzima, inatafuta tu diski yenye mfumo wa kuendeshea.

Taa ya CPU ikikataa kuzima, fikiria BIOS, programu iliyomo ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta. Kwa mfano, bodi za B450 za prosesa za AMD zilitoka 2018, prosesa za Ryzen 5000 zikaja Novemba 2020. Bodi iliyokaa ghalani tangu mwanzo haiwezi kuzitambua mpaka BIOS yake isasishwe. Bodi nyingine zina kitufe nyuma cha kuisasisha kwa flashi iliyopangiliwa kwa mfumo wa FAT32 hata bila prosesa. Kama huna kitufe hicho, utahitaji kuazima prosesa ya zamani zaidi kwa nusu saa. Kuondoa betri ya CR2032 kwa dakika chache, kebo ikiwa imechomolewa, pia husaidia pale ambapo mipangilio ndiyo iliyoharibika.

Pini zilizopinda naziacha mwisho kwa sababu kuzitazama kuna hatari yake. Kwenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya aina ya AM4, pini ziko chini ya prosesa, 1,331. Kwenye AM5 na LGA1700 ziko ndani ya soketi. Kwenye AM4 izungushe hitisinki taratibu kabla ya kuinua, la sivyo itang'oka na prosesa imeing'ang'ania. Mulika tochi kutoka ubavuni. Pini zilizo sawa zinang'aa kwa mistari. Iliyopinda huvunja mstari.

Ukiwa umepita kote huko na bado imegoma, azima saplai inayojulikana kuwa nzima uijaribu kwanza, kisha RAM, kisha bodi. Prosesa ambayo haijapinda pini huwa naishuku ya mwisho. Ni mbili tu nilizozikuta zimekufa zikiwa mpya. Na kila jaribio liandike kwenye karatasi: ulichotoa, ulichorudisha, taa ipi ilibaki. Siku hizi nikirudisha kitu dukani nakwenda na karatasi hiyo, na kabla muuzaji hajanyoosha mkono kwenye bodi yake ya majaribio, namwambia aichomeke tu, nitasubiri.