Somo: Kukadiria uwezo wa karasha la gololi kwa Excel

Karasha la gololi ni pipa la chuma linalozunguka, na gololi zilizomo ndani husaga mawe. Watu wengi hununua karasha kwa kuangalia ukubwa wa pipa. Pipa halisagi, kinachosaga ni kilowati zinazofika kwenye gololi. Kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye umeme, kisha inakuja kwenye tani.

Mfano wetu: kipenyo mita 1.2 (pima ndani ya laina, yaani bamba zinazokinga ukuta wa ndani, si nje ya bati), urefu mita 2.4, gololi za mm 60, mawe ya kwatzi yenye dhahabu, usagaji wa maji.

1. Kasi. Kasi ya ukomo, ambayo gololi hugandia ukutani bila kudondoka, ni 42.3 ÷ √(D − d). D ni kipenyo cha pipa, d ni cha gololi, vyote kwa mita. Hapa ni mizunguko 39.6 kwa dakika. Endesha kwa asilimia 70 hadi 75. Tuchukue 72, yaani mizunguko 28.5.

2. Ujazo wa gololi. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli. Toa mawe na tope, kisha pima kimo H kutoka juu ya gololi hadi dari ya pipa. Asilimia ya ujazo = 113 − 126 × H/D. Ukipata sm 74, gololi zimejaa asilimia 35. Pipa lina m³ 2.71, na m³ moja ya gololi za chuma zilizorundikana ina tani 4.65 hivi, kwa hiyo ndani mna tani 4.4.

3. Umeme. Kilowati kwa kila tani ya gololi:

4.879 × D^0.3 × (3.2 − 3J) × C × (1 − 0.1 ÷ 2^(9 − 10C))

J ni ujazo wa gololi, 0.35; C ni sehemu ya kasi ya ukomo, 0.72. Jibu ni 7.75, mara tani 4.4 ni kW 34. Ongeza hasara za gia na mota, mota itavuta takriban kW 38. Hakiki kwa ampia: fezi tatu, volti 400, A 65, kipengele cha nguvu 0.85 hutoa kW 38. Namba hizi mbili zikipishana sana, rudi hatua ya 2 kabla ya kuendelea. Karibu kila mara ujazo ulikisiwa kwa macho.

4. Tani kwa saa. Kanuni ya Bond: W = 10 × Wi × (1/√P80 − 1/√F80). W ni umeme wa kusaga tani moja; Wi ni kipimo cha ugumu wa mawe kinachotoka maabara. F80 ni tundu la ungo, kwa mikroni, linalopitisha asilimia 80 ya malisho. P80 ni hivyo hivyo kwa kinachotoka. Tukichukua Wi 15, F80 4,000 na P80 150, W ni kWh 9.9 kwa tani. Pipa dogo lina adhabu yake: zidisha kwa (2.44/D)^0.2, yaani 1.15. Kama tope halirudishwi kusagwa upya, zidisha tena kwa 1.2. Inafika 13.7, na 34 ÷ 13.7 ni tani 2.5 kwa saa. Ukitaka P80 ya 75, karasha hilo hilo linashuka hadi tani 1.65.

Angalia Wi ya maabara imeandikwa kwa tani gani. Ikiwa ni tani fupi ya Marekani, zidisha kwa 1.102.

5. Mgawanyo wa chembe. Bond hutoa namba moja tu. Mwenye matenki ya vat (ya kulowekea mchanga kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu) anahitaji zaidi, kwa sababu tope laini likizidi huziba na sayanaidi haipenyi. Weka safu ya nyungo: 3350, 2360, 1700, 1180, 850, kuendelea hadi 75. Kila daraja lina kasi yake ya kuvunjika, S, na mgawo b wa vipande vinavyodondokea madaraja ya chini:

uzito mpya = uzito wa zamani − S × uzito wa zamani × Δt + vinavyotoka madaraja ya juu

Δt ni muda wa kila hatua ya hesabu, kwa dakika.

S ipime, usiikisie. Chukua mchanga wa kati ya 1180 na 850 peke yake, saga kwenye kinu cha maabara. Ukibaki asilimia 60 baada ya dakika 2 na 36 baada ya dakika 4, S ni 0.255 kwa dakika. Chora logi ya kilichobaki dhidi ya muda; mstari ukipinda, chembe ni kubwa mno kwa gololi hizo. S ya kinu kidogo haiingii moja kwa moja kwenye karasha kubwa; irekebishe hadi modeli ilingane na sampuli za tope linalotoka kwenye karasha. Jumla ibaki 100 kila hatua. Namba hasi ikitokea, punguza Δt.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, modeli inasema 2.5, mimi napata 1.96. Mawe yangu ni magumu?*
Chekecha kwanza kinachotoka. P80 ikiwa 100 badala ya 150, modeli yenyewe inatoa 1.96. Huenda unasaga kupita kiasi, na unalipia umeme wake.

*Nikijaza gololi hadi asilimia 45?*
Uzito wa gololi unapanda asilimia 29, umeme unapanda 11 tu. Na kama tope lako linamwagikia mdomoni, gololi zitaanza kutoka nalo.

*Naongeza mawe lakini ampia zinashuka. Kwa nini?*
Pipa limezidiwa, au tope ni zito na gololi zinaelea badala ya kugonga. Pima lita moja ya tope: kwa mawe ya uzito mahsusi 2.7, kilo 1.79 ni asilimia 70 ya yabisi. Ikizidi kilo 1.9, punguza malisho, ongeza maji taratibu.

*Nikisaga kavu?*
Zidisha W kwa 1.3.