Tengeneza funguo ya spea ya rimoti mwenyewe, ila ujue kwanza ni nini kimekufa

Kama gari yako ina funguo moja tu inayofanya kazi, hii kazi ifanye sasa hivi wakati bado unayo mkononi. Gari nyingi zinakubali kuongezewa funguo mpya kirahisi kama kuna ya zamani ya "kuitambulisha", lakini zote zikipotea unaingia kwenye habari nyingine kabisa, mara nyingine gari inabebwa, dashibodi inafunguliwa, kompyuta ya immobilaiza (mfumo unaozuia gari kuwaka bila funguo yake) inatolewa isomwe mezani, na hapo si kazi ya kufanya mwenyewe tena.

Jambo la kwanza la kuelewa, na watu wengi hawalijui, ile funguo ni vitu vitatu vimewekwa kwenye kava moja. Kuna chuma chenye meno, hicho kinazungusha swichi ya kuwasha gari na kufungua kitasa. Kuna rimoti yenyewe, yaani saketi na vitufe, hiyo inatumia betri na kazi yake ni milango na alamu. Halafu kuna chipu, kidude kidogo kinachoiambia gari "huyu ni mwenyewe, acha awashe". Chipu haina betri, inapata umeme kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi pale unapochomeka funguo, ndio maana betri ya rimoti ikiisha milango haisikii lakini gari inawaka kama kawaida. Na kinyume chake, milango inafunguka vizuri tu ila gari inawaka sekunde moja mbili inazima, au stata haizunguki kabisa, na kile kitaa cha immobilaiza kinapepesa, basi gari haijaiona chipu, usianze kubadilisha pampu ya mafuta.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua kilichokufa ni kipi.

Rimoti haisikii? Anza na betri. Namba yake imeandikwa juu yake na ina maana, CR2032 ni upana milimita 20 na unene 3.2, CR1616 ni 16 kwa 1.6, kwa hiyo usilazimishe 2025 kwenye nafasi ya 2032 kwa sababu zinalingana upana, itacheza ndani na kesho utasema rimoti mbovu. Ukiwa na mita, betri nzima inasoma volti 3 na kidogo, ikiwa chini ya 2.8 hivi imechoka. Futa pia vile vibati vinavyoshika betri kwa spiriti, vikunje kidogo viibane. Betri mpya na bado kimya? Fungua uangalie vitufe. Kile cha kufungua mlango ndio kinachokufa kwanza kwa sababu ndio kinachobonyezwa kila siku, na ni kiswichi kidogo tu kilichochomelewa kwa solda, fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri anakibadilisha chap chap. Watu wananunua rimoti nzima kwa ajili ya hicho kiswichi, inauma.

Kama shida ni kava limepasuka au mpira wa vitufe umetoboka, nunua kava tupu na uhamishe vitu vya ndani. Tafuta ule mstari kwenye ubavu, ingiza bisibisi bapa nyembamba, zungusha taratibu mpaka liachie, usichokonoe katikati maana saketi iko palepale. Toa saketi kwa kushika pembeni. Sasa hapa ndipo watu wanapolizwa: chipu mara nyingi haipo kwenye saketi. Iko peke yake, kipande cheusi kidogo kama punje ya mahindi, au kichupa chembamba cha kioo, kimezamishwa kwenye pango la plastiki karibu na chuma na wakati mwingine kimegandishwa kwa gundi. Mtu anahamisha saketi, anaona rimoti inafanya kazi, anatupa kava la zamani na chipu ikiwa ndani, asubuhi gari haiwaki. Hata ukidhani umetoa kila kitu, lile la zamani liweke droo mpaka uwe umewasha gari na funguo mpya zaidi ya mara moja. Gundi ikiwa ngumu usiichome moto wala kuing'oa kwa koleo, kata plastiki inayoizunguka kidogo kidogo, kile kichupa kikipasuka kimekwisha. Chuma cha zile za kukunja kimeshikwa na kijipini, kinasukumwa kwa msumari mwembamba na nyundo ndogo, na kwenye kava jipya kinarudi hivyohivyo.

Sasa spea kamili, yaani funguo ya pili. Hapa usinunue kwa picha. Sura inaweza kufanana kabisa na bado isiingiliane, kwa sababu masafa yanatofautiana, kuna za megahazi 315 na kuna za 433, na gari ya soko la Japani na ileile ya soko la Ulaya zinaweza kuwa tofauti. Fungua ya zamani, soma namba iliyo kwenye saketi au nyuma ya kava, nunua yenye namba hiyohiyo, na hakikisha muuzaji anataja aina ya chipu, ID46, ID48, 4D, G, H na kadhalika. Za mtumba kuwa nazo makini, nyingi zikishasajiliwa gari moja zinajifunga na hazikubali nyingine.

Chuma kichongwe kwanza kabla ya kuprogramu. Ukiwa na ile namba ya funguo iliyokuja na gari ikiwa mpya, kwenye kibati kidogo, mpe mchongaji hiyo, kwa sababu ukinakili funguo iliyolika unanakili na ulikaji wake. Jaribu mlango, jaribu swichi, izunguke laini bila kulazimisha.

Kuprogramu ndio sehemu inayotofautiana sana kati ya gari na gari. Rimoti peke yake mara nyingi inasajiliwa bila kifaa. Mfano Nissan nyingi za funguo ya kuchomeka: ingia ndani, funga milango yote na uiloki, chomeka funguo na kuichomoa yote zaidi ya mara 6 ndani ya sekunde 10, hazadi zikipepesa zungusha mpaka ACC (hatua ya kwanza ya swichi, kabla ya ON) na ubonyeze kitufe kimoja cha rimoti, zikipepesa tena tayari. Kwa chipu, Ford nyingi zinakuruhusu kuongeza ya tatu kama unazo mbili zilizokwisha sajiliwa, unazipitisha kwenye swichi moja baada ya nyingine kisha papo hapo mpya. Ukiwa na moja tu hilo halipiti, ndio unaona kwa nini nasema usingoje.

Gari nyingine zinataka kifaa cha kuchomeka kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, na nyingine zinadai pini kodi, yaani namba ya siri ya gari. Ukikodi au kuazima hicho kifaa, betri ya gari iwe imejaa au weka chaja, umeme ukidondoka katikati ya kazi unaweza kuchanganya kompyuta. Na beba funguo zote ulizonazo, maana kuna mifumo inafuta zote na kuandika upya, iliyoachwa nyumbani inageuka chuma tu.

Kuna njia ya kunakili chipu moja kwa moja, gari inadhani ni funguo ileile, na kwa baadhi ya chipu inafanya kazi vizuri bila kugusa gari. Lakini rimoti hainakiliwi hivyo, kodi yake inabadilika kila unapobonyeza, kwa hiyo zile rimoti za kopi za geti achana nazo kwenye gari.

Gari za kitufe cha kuwasha, betri ya funguo ikiisha gusisha funguo kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki, nyingi zinawaka.

Kama unatengeneza spea kwa sababu moja imepotea, wakati wa kuprogramu ifutwe hiyo iliyopotea. Ila kufuta chipu kunazuia kuwasha tu, chuma chake bado kinafungua mlango, kwa hiyo mpaka ubadilishe vitasa usiache laptopu kwenye siti.