Kubadilisha grauti ya bafuni: chimba kwanza, maji kidogo

Grauti mpya, yaani kijazio cha mistari kati ya vigae, ikipakwa juu ya ya zamani hubanduka, hata iwe ya bei ya juu namna gani, kwa sababu haina pa kushika. Uzito wa kazi hii uko kwenye kuchimba, na hapo ndipo fundi mwenye haraka hupunja.

Kabla ya kununua chochote, gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Kinacholia kama debe tupu kimeachia chini: kitoe, kibandike upya, usubiri gundi ikauke. Ukiziba mstari wake tu, kigae kitachezacheza na grauti itapasuka tena. Kama mstari ni mgumu ila umepata weusi wa ukungu, jaribu kwanza jiki iliyozimuliwa kwa maji, sugua na kusuuza. Huenda usihitaji kuchimba. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Chimba angalau theluthi mbili ya unene wa kigae. Kigae cha milimita 8 kinataka kina cha karibu milimita 6. Kwa bafu dogo, kikwangulio cha mkono kinatosha. Grenda ni ya haraka, lakini ikiteleza kidogo tu inachana uso wa kigae, na kwenye mistari ya milimita 2 haifai kabisa kwa kuwa bleidi yenyewe inakaribia upana huo. Chini ya vigae kunaweza kuwa na tabaka la kuzuia maji, kwa hiyo usichimbe kupita unene wa kigae. Vaa miwani na barakoa ya vumbi. Vumbi hili lina silika, madini ya mchanga yanayodhuru mapafu. Toa unga wote kwa brashi, kisha futa kwa sponji yenye unyevu.

Mstari usiozidi milimita 3 utumie grauti laini isiyo na mchanga. Zaidi ya hapo chukua yenye mchanga, kwani ile laini husinyaa na kupasuka kwenye nafasi pana. Saruji nyeupe tupu iliyokorogwa na maji ni rahisi, lakini husinyaa na kutoa unga, hasa bafuni.

Kujua kilo kwa kila mita ya mraba: jumlisha urefu na upana wa kigae kwa milimita, gawanya kwa zao la hivyo viwili, kisha zidisha kwa unene wa kigae, kwa upana wa mstari, na kwa 1.6. Kigae cha 300 kwa 300, unene 8 na mstari wa 3, kinakula takriban robo kilo. Mita 5 za mraba ni kilo 1.3, nunua kilo 2.

Weka maji ndooni kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ndipo uongeze unga. Koroga hadi iwe nzito kama dawa ya meno, iache dakika 5 hadi 10, koroga tena bila kuongeza maji. Maji yakizidi, grauti hukauka dhaifu na rangi hutoka mabakamabaka. Walio pwani waepuke maji ya kisima cha chumvi. Chumvi hiyo hutokea baadaye juu ya mistari kama unga mweupe.

Lowesha mistari kidogo, maji yasituame. Sukuma grauti kwa kibao cha raba kwa mshazari, ukikandamiza hadi ijae chini, halafu kwangua iliyobaki juu. Fanya mita moja ya mraba kwa wakati. Ikianza kushika, kwa kawaida baada ya dakika 15 hadi 30, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, pia kwa mshazari. Sponji inayotiririka maji hunyonya rangi na kuchimba mstari. Utando mweupe wa grauti unaobaki juu ya vigae upanguse kwa kitambaa kikavu baada ya saa chache. Usitumie siki wala asidi, maana huila grauti changa.

Pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu, au ukuta na ukuta, usizijaze grauti. Pande hizo husogea kila moja kivyake na grauti haivutiki. Acha bafu saa 24 bila maji, kisha ziba pembe kwa silikoni ya bafuni ya kuzuia ukungu, nayo uipe saa 24 nyingine kabla ya mtu kuoga.