Injini ya pikipiki ya zamani: ufungue hedi tu, au mpaka krenki?

Injini iliyochoka huharibiwa na mafundi kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuifungua yote bila sababu: beringi nzima zinang'olewa, vipande vilivyozoeana kwa miaka vinatenganishwa, na nyuzi za boliti kwenye alumini kuukuu zinakufa. Ya pili ni mbaya zaidi: pistoni na ringi mpya zinawekwa juu ya krenki iliyolegea, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Silinda mpya hurudisha nguvu, nguvu hiyo yote hushukia beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ambayo tayari imekwisha, na konrodi ikikatika hutoboa kasha la injini. Kasha la injini ya zamani, lenye namba zake za asili, ndicho kipande kigumu kuliko vyote kupata kingine.

Kwa hiyo usiamue kwa kutazama kutu ya nje wala kilomita zilizoandikwa kwenye saa. Pima, na upime kwa mpangilio: nje, hedi (kifuniko cha juu chenye valvu), silinda, mwisho krenki. Matokeo ya kila hatua ndiyo yanayokupa ruhusa ya kwenda inayofuata. Na usinunue hata ringi moja kabla hujafika mwisho wa vipimo.

Kabla ya kulegeza boliti

Rekebisha kwanza uwazi wa tapeti (vipande vinavyosukuma valvu), taimingi ya moto na kabureta. Valvu iliyobanwa na tapeti haifungi sawasawa, na geji itakuonyesha kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ndogo kana kwamba valvu imeungua. Pikipiki iliyolala miaka mingi huwa na ringi zilizogandia kwenye mifereji yake kwa oili iliyokauka. Mimina oili nyepesi kidogo kupitia tundu la plagi, iache usiku kucha, kisha zungusha injini kwa mkono. Ikiwaka bila kugonga na oili ikawa inazunguka, iendeshe taratibu kwa saa chache kabla ya kuihukumu. Mara nyingi ringi hujiachia zenyewe na kompresheni hupanda.

Sasa pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, mkono wa mafuta ufunguliwe hadi mwisho, kisha piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Mkono huo ukiwa umefungwa, hata injini nzima itatoa namba ndogo. Kabureta ambazo slaidi yake, kizibo kinachopanda na kushuka ndani yake, huinuliwa na ombwe zina mtego wa ziada: slaidi haipandi kwa kiki, kwa hiyo iinue kwa kidole au ondoa kabureta kabisa. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha mtindo wako, lakini kwenye injini ya silinda mbili au zaidi, tofauti kati ya silinda na silinda inaeleza mengi kuliko namba yenyewe. Ikizidi asilimia 15 hivi, kuna kasoro.

Silinda iliyotoa namba ndogo, itilie oili kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kisha upime tena. Namba ikipanda sana, uvujaji uko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Mwenye kompresa na kipimo cha uvujaji ana jibu bora zaidi: weka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, ingiza hewa, sikiliza. Hewa ikisikika kwenye kabureta, valvu ya kuingiza inavuja. Kwenye ekzosi, valvu ya kutoa. Kwenye bomba la kupumulia la kasha, ringi. Shika krenki vizuri kabla ya kufungua hewa, kwa sababu pistoni iliyopita kilele hata kidogo tu itaizungusha injini kwa nguvu.

Moshi nao una lugha yake. Moshi wa bluu unapovuta mzigo huelekeza kwenye ringi. Ukitoka unapofungua mafuta tena baada ya kuyaachia kwenye mteremko, bushi za valvu, mirija ambamo shina la valvu hupita, zimepanuka na oili inanyonywa kupitia hapo. Lakini moshi mzito wa dakika za kwanza, kwenye pikipiki yenye tangi la oili lililo nje ya injini, mara nyingi si uchakavu wa pistoni hata kidogo: oili imeshuka kutoka tangini kupitia pampu wakati pikipiki imesimama, ikajaa ndani ya kasha. Safisha valvu ya pampu kwanza. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya moshi huu.

Mwisho mwaga oili ikiwa moto na uichunguze juu ya kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida pale gia boksi inapotumia oili moja na injini. Vipande bapa vinavyong'aa na kushikwa na sumaku ni ngozi ya beringi au ya gia inayobanduka. Chembe za rangi ya shaba zinatoka kwenye bushi. Ukiona vipande bapa, na injini ilikuwa na mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaoongezeka ukivuta mzigo, usipime zaidi. Usiiwashe tena. Hiyo inafunguliwa mpaka krenki.

Ukishatoa hedi na silinda

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, maana silinda ikiondoka konrodi iko mikononi mwako. Peleka krenki juu kabisa, shika konrodi kwa mikono miwili, ivute juu na kuisukuma chini kwa mstari ulionyooka. Mchezo wa juu na chini unatakiwa uwe sifuri. Ukihisi hata kishindo kidogo cha kugota, beringi imekwisha. Mchezo wa pembeni ni jambo jingine: konrodi ya beringi za rola huhitaji nafasi ya pembeni ili oili ipite, na kitabu hutoa kipimo chake. Wengi huchanganya haya mawili wakafungua krenki iliyo nzima. Osha oili kwanza kabla ya kupima, kwa sababu oili nzito huficha mchezo. Kisha zungusha krenki polepole kwa mkono; beringi kuu ikikwaruza au kusitasita, imekwisha nayo.

Silinda ipime kwa geji ya ndani katika vina vitatu: karibu na juu pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati na chini. Kila kina upime mara mbili, kufuata pini ya pistoni na kuikata. Uchakavu mkubwa huwa juu, upande ambao pistoni husukumwa. Vitabu vingi vya pikipiki za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 huweka kikomo kwenye milimita 0.1 hivi juu ya saizi ya kiwandani. Ikiwa bado imo ndani ya kikomo na ni ya mviringo, inatosha kuikwaruza kwa jiwe ili mistari ikatane kwa pembe ya digrii 45 hivi, kisha uweke ringi mpya. Ikiwa kuna ngazi unayoihisi kwa ukucha hapo juu, usiweke ringi mpya bila kuichonga: ringi ya juu yenye kona kali itagonga ngazi hiyo na kuvunjika.

Ikibidi kuchonga, nunua pistoni kwanza, mpe fundi wa mashine pistoni hiyo mkononi, achonge kwa kuipima yenyewe. Saizi za juu za pistoni za Kijapani hupanda kwa milimita 0.25, za Uingereza kwa kawaida ni inchi 0.020, 0.040 na 0.060. Chagua ndogo kuliko zote itakayofuta uchakavu, maana kila unachokata hakirudi. Uwazi wa ncha za ringi, kwa injini ya kupozwa na hewa, kadiria milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo: silinda ya milimita 71 itahitaji karibu 0.28. Ukipungua, ncha zitagusana injini ikipata joto na ringi itakwaruza silinda.

Kwenye hedi, tikisa valvu ikiwa imeinuliwa milimita chache. Bushi ikiwa imelegea, ibadilishe kabla ya kugusa siti (pale valvu inapokalia ikifunga), kwa sababu bushi mpya huhamisha kitovu cha valvu na siti lazima ichongwe upya kukifuata. Kusaga valvu juu ya bushi mbovu ni kazi itakayodumu wiki mbili tu.

Krenki yenyewe

Sasa jibu linajitokeza. Konrodi haina mchezo, beringi kuu ni laini, oili haikuwa na vipande, presha ya oili ikiwa moto imo ndani ya kitabu: acha krenki ilipo, ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa safi, umalize kazi ya juu. Hilo si kufanya kazi nusu. Ni kazi kamili kwa injini hiyo.

Kuna injini ambazo historia yake inakulazimisha kushuka hata kama mikono haihisi kitu. Krenki za Triumph na BSA za silinda mbili zina bomba la kunasa uchafu ndani yake. Krenki ikizunguka, uchafu hutupwa humo na kugandamana, na bomba likijaa oili haifiki kwenye konrodi. Haliwezi kusafishwa bila kutoa krenki. BSA A65 ina pia bushi ya upande wa taimingi ambayo oili ya konrodi hupitia. Ikipanuka, oili hukimbilia nje, na injini hubaki kimya mpaka siku inapovunjika. Kama hakuna anayejua lini kazi hiyo ilifanyika, ifungue. Kinyume chake, Honda nyingi ndogo za wakati huo zina kichujio kinachozunguka, nacho husafishwa kwa kufungua kifuniko cha upande wa klachi tu.

Injini ya mipigo miwili ina sheria yake: sili za krenki zikikauka huingiza hewa, mchanganyiko wa hewa na petroli huwa mwepesi, pistoni hukwama. Iliyolala miaka mingi, badilisha sili zote mbili. Kwenye mitindo mingine zinatoka kutoka nje. Kwenye mingine kasha lazima litenganishwe, na hapo beringi kuu mpya ziingie pamoja nazo.

Krenki iliyoshindiliwa kwa presi usiitenganishe bila mtu mwenye presi, vitalu na dayo geji (kipimo cha mshale cha kupimia mpindo). Kuunganisha ni rahisi. Kuinyoosha mpaka mpindo wa ncha ubaki sehemu chache tu za mia za milimita ndiyo kazi yenyewe. Na kasha likishatenganishwa, kagua meno ya gia na uma zake, badilisha sili zote, na usikubali lisafishwe kwa kupigwa shanga za kioo kabla njia za oili hazijazibwa. Shanga hizo hujificha humo na hutoka siku ya kwanza ya kuwasha, moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Baada ya kufunga, zungusha kwa kiki plagi zikiwa nje mpaka oili ionekane ikirudi tangini au geji ipande, ndipo uwashe. Usiiache ikiunguruma taratibu kwa muda mrefu, maana ringi hukaa kwa mzigo wa wastani unaopanda na kushuka. Injini ikipoa kabisa kaza tena boliti za hedi na upime tapeti. Mwaga oili baada ya kilomita 100, kisha 500, na kila mara pitisha sumaku.