Somo: Jinsi ya kumchumia sungura majani ya porini

Magugu mengi tunayong'oa na kutupa ni chakula kizuri cha sungura, tena cha bure. Lakini sungura hawezi kutapika. Akishameza kitu kibaya, hakirudi. Kwa hiyo jani usilolijua jina, liache lilipo.

Hatua ya 1: Tanguliza nyasi. Ziwe mbichi au kavu, zichukue kama 80% ya mlo au zaidi. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Nyuzinyuzi zake ndizo zinazolifanya tumbo litembee.

Hatua ya 2: Jifunze magugu mawili, uyajue vizuri. Mchunga una maua ya njano, na majani yake ni machungu kwetu ila sungura huyagombania. Kishona nguo kina shina la pembe nne, na jani lake limegawanyika vijani vitatu hadi vitano vyenye kingo za meno meno. Kichume kikiwa kichanga, kabla ya zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania nguo. Mchicha pori nao unafaa, ila kidogo na kwa kuchanganya, maana una oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya majani inayodhuru ikizidi.

Wengi hufundishwa kwamba mmea wenye utomvu mweupe ni sumu. Msitegemee kanuni hiyo. Kata mchunga uone: utomvu mweupe unatoka, na mmea ni salama. Mnanaha (Datura) hauna utomvu huo, na ni sumu kali. Hakuna njia ya mkato, ni kuujua mmea wenyewe.

Kaa mbali kabisa na mnanaha, mbarika, na majani ya nyanya, viazi mviringo na parachichi.

Hatua ya 3: Chagua mahali. Kando ya barabara kuu, penye dawa za kuulia magugu au wadudu, na wanapokojoa mbwa, pita tu. Kama kuna sungura mwitu eneo hilo, usichume hapo, kwani majani yanaweza kubeba virusi vya magonjwa yao.

Hatua ya 4: Ukifika nyumbani, tandaza kivulini. Majani yaliyorundikwa hupata joto na kuanza kuchacha, na hapo ndipo tumbo hujaa gesi. Nyasi zilizokatwa kwa mashine huchacha upesi zaidi; hizo usimpe.

Hatua ya 5: Jani jipya moja kwa wakati, kiganja kidogo, kisha angalia kinyesi kesho yake. Kikiwa vidonge vikavu vya mviringo, endelea. Kikilainika, mrudishe kwenye nyasi tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, majani yenye umande yanaua?
Jibu: Umande wenyewe hauui, ndugu yangu. Hatari ni kuyafunga mfukoni yakiwa mabichi hivyo. Yakung'ute, yatandaze, kisha mpe.

Swali: Vitoto vilivyoachishwa kunyonya juzi navyo nivipe?
Jibu: Subiri kwanza. Tumbo la umri huo huvurugika haraka. Endelea na chakula walichozoea pamoja na nyasi kavu, majani mabichi yaje kidogo kidogo baadaye.

Swali: Wangu amekula jani nisilolijua, na tangu asubuhi hali wala hanyi. Nisubiri hadi kesho?
Jibu: Hapana, dada. Sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 yuko hatarini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na ubebe tawi la mmea huo.